NENO LA WIKI: ELI ALIDHANI HANA AMELEWA

 

Leo posti ni ndefu. Kama uko kwenye matatu hapo Jogoo Road na jam haisongi, una muda wa kutosha. Kama uko kazini, soma jioni. Lakini usiiruke, kwa sababu tangu Jumapili simu yangu haijapumzika, na wengi walionipigia walikuwa na hasira. Badala ya kumjibu kila mtu pembeni, nawajibu wote hapa hadharani, kwa upendo na bila kuzungusha maneno.

Somo letu ni 1 Samweli 1, kuanzia mstari wa 9 hadi 18. Mnaijua hadithi. Hana anaenda Shilo na uchungu wake. Anaomba kwa muda mrefu. Midomo inacheza lakini sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi karibu na mwimo wa mlango wa hekalu, anamwangalia. Hajawahi kuona mtu akiomba hivyo. Basi anaamua moja kwa moja kwamba mama huyu amelewa, na anamkemea.

Mpendwa, Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi wa Mungu, mzee, mwenye uzoefu wa miaka mingi madhabahuni. Na bado alikosea. Aliona tabia asiyoielewa, akaipa jina la dhambi. Mwanamke aliyekuwa anamwaga roho yake mbele za Bwana akaitwa mlevi, na aliyemwita hivyo ni mchungaji wake mwenyewe, akiwa ameketi pale mlangoni.

Weka hiyo akilini. Sasa nikueleze kilichotokea Jumapili, kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo na wamesikia toleo la mtaani.

Ilikuwa Jumapili ya vijana. Mnajua kawaida yetu: wanacheza wimbo mmoja au miwili, wanaigiza igizo la mwana mpotevu, tunawapigia makofi, tunaendelea. Safari hii wanane kati yao, wote wanafunzi wa sekondari za kutwa hapa Eastlands, waliomba dakika kumi na tano. Wanatoka Umoja, Kayole, Dandora, na mmoja anatoka Pipeline. Nikawapa. Sikuwauliza watasema nini. Hilo ni kosa la kwanza mlilonishtaki nalo, na sitalijutia.

Binti wa kidato cha tatu alisimama akasema ana mdogo wake wa miaka tisa. Mtoto huyo haongei. Daktari alisema ana usonji. Akasema kwamba mtoto huyo hajaingia kanisani kwetu miaka mitatu, na mama yao naye huja mara moja moja tu, kwa sababu siku ya mwisho walipokuja wote, mhudumu wa mlangoni alimwambia mama, “Mama, toa huyo mtoto nje, anasumbua watu wa Mungu.” Mama akatoka naye. Walikaa kwenye ngazi za jengo la jirani mpaka ibada ikaisha. Hakuna mtu aliyewafuata.

Halafu akasimama kijana wa kidato cha pili. Huyu mnamjua, ndiye anayetengeneza nyaya za spika zikikatika. Alisema shule ya msingi alipigwa karibu kila siku kwa sababu ya kusoma. Herufi zilikuwa zinamchanganya, b na d, p na q. Akiulizwa swali kwa mdomo anajibu, akipewa kitabu anakwama. Aliitwa mjinga na walimu, na nyumbani pia, mpaka yeye mwenyewe akakubali. Ni mwalimu mmoja tu wa sekondari aliyegundua kwamba ana disleksia. Akasema, na hapa nakumbuka maneno yake vizuri: “Nilikuwa nimeanza kuamini Mungu aliniumba akiwa amechoka.”

Kanisa lilinyamaza kimya.

Kisha wakaomba mambo matatu. Kwanza, tuwe na ibada moja ambayo spika zinapunguzwa. Pili, tutenge mahali patulivu ambapo mzazi anaweza kukaa na mtoto aliyezidiwa bila kufukuzwa. Tatu, tuache kukemea mapepo juu ya watoto wa watu kabla hatujauliza mtoto ana nini.

Hilo la tatu ndilo lililowasha moto. Saa nane mchana jumbe zilikuwa zimeanza kuingia. Nitazijibu moja moja.

1. “PASTA, HAYO NI MAMBO YA WAZUNGU.”

Umeniandikia hivyo ukitumia simu iliyotengenezwa China, lakini tuache hilo.

Ni kweli kwamba neno wanalotumia vijana hawa, la kusema kwamba bongo za wanadamu zinatofautiana na kwamba tofauti hiyo si laana, lilianza kutumika ng'ambo mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini watoto wenyewe hawakuja na ndege. Wamezaliwa Pumwani. Wamezaliwa Mama Lucy. Wamezaliwa kwa mama zetu kule nyumbani Kitui, Murang'a na Siaya, na bibi zetu waliwajua vizuri, ila hawakuwa na jina la kuwaita.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Fanya hesabu na mimi. Jumapili nzuri hapa kwetu tuko kama 400. Hesabu hiyo inasema tunapaswa kuwa na watu watatu hivi wenye usonji wakiwa wameketi kati yetu. Na hapo hatujawataja wenye disleksia, wala wale ambao miili na mawazo yao hayatulii hata wakijitahidi. Sasa niambie, wale watatu wako wapi? Umewaona? Mimi sijawaona. Wako nyumbani. Wengine wamefungiwa ndani ya nyumba ya chumba kimoja, mapazia yamefungwa, kwa sababu mama ameenda kibarua Industrial Area na landilodi ameshasema kelele zikiendelea ahame.

Na msiseme Kenya haijui haya mambo. Kule Kasarani kuna Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, inayofundisha walimu na kuwapima watoto. Pale Ngara, shule ya msingi ya City ilifungua kitengo cha watoto wenye usonji mwaka wa 2003, mwaka ule ule wazazi walipoanzisha Autism Society of Kenya. Wazazi Wakenya, wakitafutia watoto wao mahali. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, asiitwe majina ya kudhalilisha, na apate nafasi katika shule za kawaida kwa kadiri inayomfaa. Mwaka wa 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Bunge limefika huko. Madhabahu bado iko Shilo na Eli, inauliza ni nani amelewa.

2. “HAO NI MAPEPO, NA PASTA AMEANZA KUKANA NGUVU ZA MUNGU.”

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana nisieleweke vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Nimeona wagonjwa wakipona. Nimeona watu waliofungwa wakifunguliwa. Naamini mapepo yapo, na naamini jina la Yesu lina nguvu juu yao. Hilo sijaliacha na sitaliacha.

Lakini karama ya kupambanua roho ni karama ya kupambanua. Maana yake kuna wakati unapambanua na kugundua kwamba hapa hakuna pepo. Kama kila unachokiona ni pepo, hupambanui chochote. Unakisia tu, kama Eli.

Wale wanafunzi walikuwa wamenikumbusha andiko kabla hamjaanza kunitumia jumbe. Binti alisema, “Pasta, someni Marko 7. Yesu alimtoa kwenye umati kwanza.” Nimehubiri Marko 7 mara nyingi, na sikuwahi kusimama hapo. Wanamletea Yesu mtu asiyesikia na mwenye shida ya kuongea. Yesu anaweza kumponya pale pale mbele ya watu wote, apigiwe makofi, irekodiwe. Hafanyi hivyo. Anamtenga na umati, faraghani, wawili peke yao. Na anamwonyesha kwa vidole na kwa mguso kile anachotaka kufanya, kwa sababu mtu huyu hasikii. Bwana alitumia lugha ambayo mtu huyu angeielewa. Binti wa miaka kumi na saba ameona hivyo, na mimi mwenye diploma ya theolojia nilipita juu yake miaka yote.

Na je, Musa? Kutoka 4. Anamwambia Mungu mdomo wake ni mzito, hawezi kuongea vizuri. Mungu anamjibu kwamba ni yeye aliyeumba vinywa, naye ndiye anayemfanya mtu kuwa bubu, kiziwi, mwenye kuona au kipofu. Halafu anafanya nini? Anamkemea pepo wa kigugumizi? Hapana. Anamwambia Haruni ndugu yako anakuja, yeye atasema kwa niaba yako. Mungu aliyepasua bahari angeweza kuunyoosha ulimi wa Musa kwa sekunde moja. Alichagua kumpa msaidizi, na kazi ikaendelea.

Kuna watoto hapa Eastlands ambao Mungu ameshawaita, na wanachokosa ni Haruni. Wanangoja mwalimu atakayemsomea swali kwa sauti, au jirani atakayekaa na mtoto saa mbili mama aende sokoni, au rafiki wa kidato cha tatu atakayekula naye chakula cha mchana wakati wenzake wanamkimbia. Sisi tumekazana kumtoa pepo ambaye hayupo, na Haruni amekaa kwenye kiti cha nyuma anatazama saa.

3. “NI LAANA. KUNA KITU WAZAZI WALIFANYA.”

Yohana 9. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Jibu limeshatolewa, na lilitolewa na mwenye mamlaka. Ukiuliza tena sasa hivi, unamuuliza Yesu arudie.

Wanaochunguza mambo haya wanatuambia usonji huanza mapema sana, ubongo wa mtoto unapojengeka, na kwamba mara nyingi unatembea kwenye familia kama vile urefu au rangi ya macho. Hauletwi na uchawi wa mke mwenza, wala na mama kwenda kazini mapema, wala na chanjo. Mama aliyelala macho miaka saba akijiuliza alikosea wapi, leo nakuambia kwa kinywa cha mchungaji: hukukosea. Weka mzigo huo chini.

4. “KIBOKO NDIYO DAWA. BIBLIA IMESEMA.”

Yule kijana wa nyaya za spika alipigwa miaka minane. Alijifunza kusoma? Hapana. Alijifunza kuogopa vitabu. Kama fimbo ingekuwa inatibu disleksia, Eastlands yote tungekuwa maprofesa.

Fimbo ya mchungaji katika Zaburi ya 23 ni ya kufariji na kuongoza kondoo, na kumfukuza chui. Hakuna mchungaji anayempiga kondoo kwa sababu anatembea tofauti na wenzake. Mithali 22:6 inatuambia tumlee mtoto katika njia inayomfaa yeye. Soma tena. Inayomfaa yeye, yule mtoto uliyepewa, hata kama njia ya jirani ni nyingine. Na kwa wale wanaoheshimu mamlaka kama Warumi 13 inavyotuagiza: Katiba, ibara ya 29, inakataza adhabu ya viboko, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inamkataza mwalimu kumchapa mwanafunzi. Walimu mlio kanisani, mnalijua hilo. Najua darasa lina watoto themanini na mshahara umechelewa. Siwalaumu kwa kuchoka. Nawaomba tu, mtoto anayekujibu vizuri kwa mdomo na kukwama kwenye karatasi, kabla ya kumwita mzembe, mwambie mzazi wake ampeleke akapimwe.

5. “WATOTO WADOGO HAWAWEZI KUTUFUNDISHA MADHABAHUNI.”

Huyu aliyeandika hivi ni mzee wetu ninayemheshimu sana, na nilimpigia kabla ya kuandika hapa. Namjibu kwa heshima.

Mzee wangu, endelea na kitabu hicho hicho cha Samweli. Fungua sura ya 3. Eli yule yule, macho yake sasa yamefifia. Bwana ana ujumbe mzito kwa nyumba ya kuhani. Anampa nani? Anampa mtoto anayelala karibu na taa. Na asubuhi Eli anamwambia mtoto asimfiche hata neno moja. Hapo ndipo nampenda Eli. Alikosea kwa Hana, lakini alipozeeka alikubali kuambiwa ukweli na mtoto wa Hana. Naamani naye aliambiwa habari za nabii na msichana mdogo mtumwa. Paulo alimwambia Timotheo asikubali mtu amdharau kwa sababu ya ujana wake.

Mzee amesema akiona watoto wakitawala madhabahu ataondoka, na fungu lake la kumi litaenda naye. Mzee, nakuomba ukae. Lakini kama bei ya fungu la kumi ni mtoto wa miaka tisa kukaa kwenye ngazi za jengo la jirani, kanisa hili halitailipa.

SASA NIFIKE KWANGU MWENYEWE.

Nimewajibu ninyi. Ni haki nijijibu na mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita, tukiwa bado kwenye kanisa la mabati, mama mmoja alileta mtoto wa kiume wa miaka sita. Tulipoanza sifa mtoto akaziba masikio, akapiga kelele, akaanza kujipiga kichwa. Mimi nikasema mbele ya watu wote kwamba roho iliyo ndani yake haivumilii sifa za Mungu. Nikaita wanaume wanne wamshike. Nikaomba juu yake kwa kipaza sauti, karibu na sikio lake, dakika ishirini au zaidi. Mtoto akajikojolea. Mwishowe akalegea, akanyamaza. Nikatangaza ushindi. Watu wakashangilia.

Mtoto yule hakufunguliwa. Alichoka tu. Leo najua kwamba wapo watu ambao sauti inayokufurahisha wewe inawaingia kama msumari. Spika zetu mnazijua. Mimi mwenyewe nikitoka ibadani masikio yanalia mpaka jioni.

Jumatatu nilimtafuta yule mama. Ilichukua siku mbili, kupitia jirani wa zamani. Nilimwomba msamaha kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, “Pasta, mimi nilikusamehe zamani. Lakini yeye ana miaka kumi na saba sasa. Tukipita karibu na kanisa lolote lenye spika, anashika mkono wangu kwa nguvu mpaka tupite.”

Mimi niliyeitwa kuwaleta watu kwa Yesu, nimemfundisha mtoto mmoja kuogopa nyumba yake. Kwa hiyo ukiniandikia kwamba vijana wamevunjia heshima madhabahu, nakuambia madhabahu ilivunjiwa heshima miaka kumi na moja iliyopita, na aliyeivunjia ni mimi.

NA KWENU WATUMISHI WENZANGU.

Kuna wenzangu hapa mtaani, siwataji, wanaowauzia wazazi hawa mafuta, maji na vitambaa. Mama mboga anauza sukuma wiki ya shilingi kumi, shilingi ishirini, halafu anaambiwa apande mbegu ya elfu tano ili mtoto aongee. Asipoongea, anaambiwa imani yake ni ndogo, apande tena. Ndugu yangu, huyo si mkulima wako. Huyo ni Hana. Amekuja akilia na wewe unamhesabia pesa. Kumbuka wana wa Eli walikuwa wanafanya nini na sadaka za watu, na kumbuka mwisho wao.

Na kuna jambo la hatari zaidi. Watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia. Kuna mchungaji anayemwambia mama atupe dawa ili aonyeshe imani. Mtoto akipata mshtuko usiku na dawa zimetupwa, mchungaji yule hayuko kwenye hicho chumba. Mama ndiye yuko. Mshirika wangu, nisikie: usimwachishe mtoto dawa kwa neno la mhubiri yeyote, hata mimi. Omba, tena omba sana, na dawa umpe.

KWENU VIJANA.

Wanangu, nawashukuru. Mmefanya nilichopaswa kufanya mimi. Lakini kwa kuwa mimi ni baba yenu, nina maneno mawili.

La kwanza: msigeuze hili kuwa mtindo. Msipimane wenyewe kwa video za simu na kugawiana majina ya daktari kama jezi za mpira. Mwenye kupima ni mtaalamu. Kazi yenu ni kumkaribisha mtu hata kabla hajapimwa.

La pili: mmesema vizuri kwenye kipaza sauti, sasa rudini shuleni mkaseme kwa matendo. Kwenye darasa lako kuna mmoja anayekula peke yake, anayechekwa akisoma kwa sauti, anayeongea juu ya kitu kimoja tu kila siku mpaka watu wanamkimbia. Chama chenu cha Kikristo shuleni kina nafasi yake? Au mnaimba tu? Wa kwanza kumtetea Bartimayo mbele ya umati uliomnyamazisha alikuwa Yesu. Umati ule ulikuwa unamfuata Yesu, na bado ulikuwa unamzuia kipofu. Kumbukeni hilo mkiwa mnaimba.

TUTAKACHOFANYA.

Nimeketi na wazee. Hatukukubaliana juu ya kila kitu, lakini haya yamepita:

Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ibada ya kwanza itakuwa na spika chini, bila ngoma kubwa. Mtu wa kinanda tumeshaongea naye. Alinung'unika, akakubali. Eliya pale Horebu hakumsikia Bwana kwenye upepo wala kwenye tetemeko wala kwenye moto, alimsikia kwenye sauti ndogo ya utulivu. Bwana hatatupotea kwa sababu tumepunguza sauti.

Kile chumba cha nyuma tunachowekea viti vilivyovunjika kitasafishwa. Vijana wamejitolea kukipaka rangi Jumamosi. Mzazi atakaa pale na mtoto wake, ataona na kusikia ibada, na akiwa tayari atarudi ndani. Hakuna mhudumu atakayemwambia mzazi atoke nje. Atamuuliza tu, “Mama, nikusaidie vipi?”

Hakuna mtoto atakayeshikwa na kukemewa mapepo katika kanisa hili. Tukiombea mtoto, tutaombea akiwa na mzazi wake, kwa upole, na kwa ruhusa.

Na wazazi mnaoshuku kwamba mtoto wenu ana jambo, msikae nalo peke yenu. Kuna vituo vya serikali vya kuwapima watoto, na KISE pale Kasarani. Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ambako mtoto anaweza kusajiliwa. Wasioweza nauli, mniambie kwa siri. Mama mmoja wa kanisa hili amejitolea kuwasindikiza, kwa sababu ameshapita njia hiyo na mwanawe.

Yule mama wa mtoto wa miaka tisa nilimtembelea Jumatano. Nilikaa kwenye kochi lake na chai. Nilimwomba arudi. Hajasema ndiyo. Alisema ataona kwanza. Ana haki ya kuona kwanza. Ukimwona Jumapili moja mlangoni na mtoto anayepiga makofi kwa mtindo wake na kutoa sauti yake, usigeuke kumwangalia. Sogea, mpe kiti.

Eli alikuwa na neema moja. Hana alipomjibu na kumweleza, hakubishana. Alibadilisha maneno yake papo hapo, akambariki. Na Hana akaenda zake, akala, uso wake haukuwa na huzuni tena. Mama aliyekuja akiwa amekata tamaa alirudi nyumbani na amani, kwa sababu kuhani alikubali kwamba amekosea. Hilo tu ndilo ninaloomba kwenu.

TUOMBE.

Baba, tusamehe kwa kila Hana tuliyemwita mlevi. Waguse watoto waliojificha nyuma ya mapazia yaliyofungwa hapa Kayole, Huruma, Dandora na Pipeline. Wape mama zao usingizi. Tupe macho ya kupambanua na midomo mizito ya kuhukumu. Mtumie kila Musa Haruni wake, na kama Haruni huyo ni mimi, niamshe. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama una mtoto, ndugu au jirani ambaye posti hii imemgusa, usiweke jina lake hapa chini mbele ya watu wote. Nitumie ujumbe. Na kama bado umekasirika nami, njoo Jumamosi saa tatu asubuhi tupake rangi kile chumba pamoja. Brashi ziko.

Mbarikiwe sana.
Ni mimi mchungaji wenu.